Viatu vya ngozi: doa la kutoa na vumbi la kuogopa



Mvua za kwanza zimekwisha kuanguka, na kila nyumba ya Lubumbashi inajua maana yake. Toka mwezi wa tano tulikuwa tunapangusa vumbi jekundu. Sasa vumbi lilelile limegeuka matope, na matope yanapanda juu ya viatu vya watoto wa masomo, vya baba anayerudi kazini, na vya sisi wenyewe tunaovuka barabara za Katuba, za Kenya na za Ruashi kwenda sokoni. Ndiyo sababu maulizo mengi ya juma hili ni ya namna moja: doa kwenye ngozi linatoka namna gani?

Tujibu vizuri, kwa maana kiatu cha ngozi si kitu cha franga kidogo. Katika nyumba nyingi, jozi moja ya viatu inangoja zamu ya likelemba. Na ukweli ni huu: viatu na mikoba mingi haifi kwa uzee. Inakufa kwa dawa mbaya tunayoipa: javeli, saboni ya kufulia, petroli, moto wa mbabula. Mwisho wa ukurasa huu tutazungumza pia juu ya buti za kazi za wale wanaotumika katika migodi na viwanda vya shaba. Tafadhali usiishie katikati, maana hapo si mambo ya uzuri tena, ni mambo ya afya ya watoto.

KWANZA UJUE UNASHIKA NINI

Si kila kinachong'aa ni ngozi. Angalia ukingo uliokatwa, ndani ya mkoba au chini ya ulimi wa kiatu. Ukiona nyuzinyuzi zilizoshikana, ni ngozi. Ukiona kitambaa kimebandikwa plastiki juu yake, ni skai. Skai haihitaji siraji: kitambaa chenye maji na saboni kidogo kinatosha.

Ngozi yenyewe ina namna tatu tunazoziona sana. Ya kwanza ni ngozi laini ya kawaida, ile ya viatu vya masomo na ya mikoba mingi. Ya pili ni daimu, yenye manyoya mafupi kama kitambaa cha mahameli. Ya tatu ni verni, inayong'aa kama kioo. Dawa ya moja inaharibu nyingine, kwa hiyo usianze kusugua mbele ya kujua.

KWA NINI SABONI YA KUFULIA INAHARIBU

Ngozi ya mbuzi ukiianika tu juani inakuwa ngumu kama ya ngoma, na ukiilowesha inaanza kuoza. Ili iwe ngozi ya kiatu, lazima mafundi waipitishe katika dawa: zamani maji ya maganda ya miti, leo mara nyingi chumvi za madini yanayoitwa kromu. Kiisha wanaitia mafuta ili ikunjike bila kupasuka. Ngozi iliyokwisha kutengenezwa hivyo ina uchachu kidogo ndani yake, na uchachu huo pamoja na mafuta yale ndiyo uzima wake.

Sasa saboni ya kipande tunayofulia nguo, na ile ya unga, ni kinyume cha uchachu. Inatoa mafuta ya ngozi pamoja na doa. Siku ya kwanza utaona kiatu kimetakata na utafurahi. Baada ya majuma mawili kinapasuka pale kidole kinapokunjika, na unasema muuzaji alikudanganya. Javeli ni mbaya zaidi: inakula rangi na inaunguza ngozi yenyewe. Ndimu na dawa ya meno, ambazo watu wanashauriana sana, zinaweza kuacha doa jeupe mahali pa doa jeusi.

Dawa iliyo salama ni hii: kijiko kidogo cha shampuu ya mtoto katika nusu lita ya maji. Chovya kitambaa laini, kikamue mpaka kisidondoke, pangusa ngozi yote, si pale penye doa tu, kwa maana ukilowesha mahali pamoja utaacha alama ya duara. Kiisha pita na kitambaa kingine chenye maji matupu, halafu kikavu. Na kila dawa unayotaka kujaribu, ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, kama ndani ya ulimi wa kiatu au chini ya mkoba. Ngoja ikauke ndipo uamue.

DOA KWA DOA

Matope. Kwenye ngozi laini, yatoe yangali mabichi kwa kitambaa chenye maji, bila kusugua kwa nguvu, maana mchanga ulio ndani yake unakwaruza. Kwenye daimu fanya kinyume: acha matope yakauke kabisa, kiisha yapige kwa burashi kavu, ukifuata njia moja. Alama inayobaki inafutika kwa mpira ule watoto wanaofutia kalamu ya risasi.

Mafuta ya mawese na mchuzi wa sombe. Hapa maji ni adui. Kausha kwa kitambaa kwa kugusa tu, usipanguse. Kiisha mwagia poda ya mtoto, na ukiikosa, unga mlaini wa muhogo au wa mahindi. Acha usiku mzima ili unga unyonye mafuta. Asubuhi upige burashi, na kama doa bado liko, urudilie. Rangi ya mawese inaweza kubaki kidogo kwenye ngozi nyeupe. Hiyo mpelekee fundi wa viatu aipake rangi, usiipigane nayo kwa petroli.

Wino wa biki. Kama ni wa sasa hivi na ngozi ni laini, chukua pamba iliyolowa kidogo alkoli ya famasi, gusa juu ya wino na kunyanyua, gusa na kunyanyua, ukibadilisha pamba kila mara. Usisugue, utaueneza. Ukiona pamba inachukua rangi ya mkoba kuliko ya wino, acha mara moja. Wino wa miezi mingi umekwisha kuingia ndani, hautoki tena.

Damu na maziwa. Maji ya baridi tu, haraka. Maji ya moto yanaikaza damu ndani ya ngozi. Maziwa ya mtoto yakibaki kwenye mkoba yataleta harufu kuliko doa, kwa hiyo usingoje ufike nyumbani.

Alama nyeupe za jasho au za maji ya mvua. Changanya vinegri kipimo kimoja na maji vipimo viwili, pangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa, kausha, kiisha paka siraji.

Shikilimu. Weka kipande cha barafu ndani ya mfuko wa plastiki, kishike juu yake mpaka iwe ngumu, halafu inyanyue kwa kucha, si kwa kisu.

Verni. Kitambaa chenye maji, kiisha kikavu, basi. Siraji ya kawaida inaifanya kuwa na ukungu.

KUKAUSHA, KUPAKA, KUTUNZA

Viatu vya ngozi vikilowa mvua, jaribu kubwa ni mbabula, kwa maana mtoto anavitaka kesho asubuhi. Mama, usiviweke karibu na makala. Ngozi iliyolowa inajikunja kwa moto kidogo kuliko ngozi kavu, na ikijikunja hairudi. Toa nyuzi, jaza makaratasi ndani, uweke kiatu ubavuni mahali penye upepo na kivuli. Makaratasi yakilowa, badilisha. Kwa viatu vyeupe tumia karatasi isiyoandikwa, maana wino wa gazeti unaachia rangi. Kama uwezo uko, mtoto awe na jozi nyingine ya mpira kwa siku za mvua kubwa, ili ile ya ngozi ipumzike siku moja.

Siraji inapakwa juu ya kiatu safi na kikavu. Ukiipaka juu ya vumbi, unaligandisha vumbi. Paka nyembamba, ngoja dakika kumi au kumi na tano, ndipo upige burashi. Vijana wenye visanduku wanaotusafishia viatu barabarani wanajua jambo hili: mng'ao unatoka katika burashi, hautoki katika wingi wa siraji. Siraji ikikauka ndani ya kikopo, usiiweke juu ya moto ili iyeyuke. Ndani yake mna dawa inayoshika moto kama petroli. Uiweke juani kidogo, inatosha.

Mafuta ya kupikia kwenye kiatu, hapana. Siku hiyo kinang'aa, kesho kinakusanya vumbi lote la njiani, na baadaye kinanuka. Kwa mkoba, tumia siraji isiyo na rangi. Siraji nyeusi itahamia kwenye kikwembe chako siku ya yenga, ukiwa njiani kwenda kusali.

Katika masika kuna pia ukungu, ule unga mweupe au wa kijani unaota juu ya viatu vilivyofichwa kabatini. Vitoe nje, jifunge kitambaa puani, piga burashi, kiisha pangusa kwa maji ya vinegri na uvikaushe kivulini. Mkoba usiufunge ndani ya mfuko wa plastiki: ngozi inataka kupumua. Foronya ya zamani ndiyo nyumba yake nzuri.

SASA TUZUNGUMZE JUU YA BUTI ZA KAZI

Mama mmoja alituuliza namna ya kutoa doa la kijani na unga mweupe kwenye buti za bwana yake anayetumika katika kiwanda cha shaba. Alisema anazisugua kila siku ya posho, ndani ya nyumba, na burashi kavu, mtoto akiwa mgongoni. Swali lake ni la wengi. Toka shaba ya kwanza ilipoyeyushwa katika mji huu mwaka 1911, kumekuwa na mama anayesafisha viatu vya mtu wa shaba.

Doa la kijani ni shaba. Lakini katika mawe yetu shaba haikai peke yake. Inakaa na kobalti, na mara nyingine risasi, manganezi, hata uranyumu. Na ule unga mweupe unaweza kuwa chumvi ya jasho, lakini unaweza pia kuwa chumvi iliyoachwa na asidi ya sulfuriki, ambayo viwanda vingi vinaitumia kutoa shaba na kobalti ndani ya mawe. Burashi kavu inayarusha yote hayo hewani. Mtoto aliye mgongoni anayavuta, na yale yanayoanguka chini yanamngoja yule anayetambaa na kutia mikono kinywani.

Hatusemi hivi kuwatisha. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Leuven katika Ubelgiji walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi katika mkojo wao, na watoto hasa. Mwaka 2018 walichapisha utafiti mwingine, wa mtaa wa Kasulo, Kolwezi, ambako watu walichimba hata chini ya nyumba zao. Huko nako watoto ndio walioonekana kubeba mzigo mkubwa. Na mwaka 2020 ulitoka utafiti uliofanywa hapa kwetu Lubumbashi juu ya watoto wanaozaliwa na vilema. Uliona kwamba watoto hao walikuwa wengi zaidi pale baba alipokuwa na kazi ya madini. Utafiti huo haukusema kwamba buti ndizo zilizoleta kilema, na kilema kinaweza kuwa na sababu nyingi. Mama aliyezaa mtoto wa namna hiyo asijihukumu, wala asihukumiwe. Lakini vumbi la kazi kuingia nyumbani ni jambo tunaloweza kulizuia kwa mikono yetu, bila kungoja mtu. Basi tulizuie.

Hii ndiyo kawaida tunayoomba kila nyumba iifuate.

1. Buti za kazi zisivuke mlango. Kama kazini kuna mahali pa kuvulia, zibaki huko. Kama hakuna, ziwekwe nje, juu, chini ya paa, mahali mtoto hafiki. Tafuta sanduku lenye mfuniko.

2. Usipige burashi kavu. Pangusa na kitambaa kilicholowa maji, nje ya nyumba, watoto wakiwa mbali. Kuanzia soli, kiisha juu, kiisha pita tena na maji safi. Soli inabeba zaidi ya sehemu ya juu.

3. Beseni ya kazi hiyo iwe yake peke yake, na vitambaa vyake. Itie alama. Isiwe beseni ya kuoshea mtoto, wala ya sombe, wala ya kupimia bunga.

4. Maji machafu yasimwagwe kwenye bustani ya lengalenga wala karibu na kisima wala uani wanapocheza watoto. Yaende katika shimo la choo.

5. Vaa glavu za mpira. Na mama mwenye mimba au anayenyonyesha asiguse kazi hii kabisa. Baba azisafishe mwenyewe. Si kumkosea heshima. Mwambie polepole, mkiwa wawili, si mbele ya watoto wala mbele ya wageni, na umweleze sababu. Mwanaume anayependa watoto wake ataelewa.

6. Mwenye kutoka kazini anawe mikono na uso kwa saboni mbele ya kumshika mtoto na mbele ya bukari. Bukari tunakula kwa mkono: kilicho katika kucha kinaingia kinywani.

7. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na zisikung'utwe ndani ya nyumba. Ziloweshe kwanza.

8. Buti yenye alama ya asidi, iliyokuwa nyeupe na ngumu au inayopasuka, imwagiwe maji mengi huku umevaa glavu. Siraji haitaiponya. Buti iliyopasuka hailindi mguu tena, na asidi itapita. Inatakiwa nyingine, na si franga za sombe zinazotakiwa kuinunua. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamwagiza mwajiri alinde afya na usalama wa mtu kazini. Baba aziombe kwa mkubwa wake, na akiona peke yake ni vigumu, apitie kwa wajumbe wa wafanyakazi.

9. Buti zilizochakaa wasipewe watoto kuchezea, wala zisikatwe kutengeneza viraka vya viatu vyao.

Haya si kwa wanaume wa viwandani tu. Wale wanaochimba wenyewe, hata kama wanavaa ndala za plastiki, wanaleta vumbi lilelile. Na wako wamama kati yetu wanaochagua na kuosha mawe kwa ajili ya kulisha watoto. Hatumhukumu mtu kwa kazi yake. Tunamwomba tu awe na kikwembe cha kazi na kikwembe cha nyumba, anawe, abadilishe, ndipo amchukue mtoto wake kifuani. Na mtoto, kama yuko wa kumwachia, asiende naye pale.

Ukiweza kufanya moja tu leo, fanya ile ya kwanza: buti zilale nje. Haina bei.

Siku ya posho, kwenye mkutano, leteni kiatu au mkoba mmoja wenye doa lililowashinda, tuusafishe pamoja. Anayeweza alete kitambaa cha pamba na poda ya mtoto. Kwa buti za kazi msilete, zibaki huko ziliko. Juma lijalo tutazungumza juu ya kutunza bunga katika masika ili isishike ukungu. Mwenye ulizo aliandike na kumpa mama wa mtaa wake.

Mubaki na amani katika nyumba zenu.